Wana Wawili na Shamba la Baba



Leo twataka kuzungumza juu ya swali ambalo tumeulizwa mara nyingi, nalo ni hili: kati ya mtu amwaminiye Mungu na mtu asemaye kwamba hakuna Mungu, ni yupi aliye na msimamo imara zaidi katika mambo ya haki? Wengi wetu tunalo jibu tayari mdomoni. Twasema, "Asiyemwogopa Mungu ataogopa nini?" Hata sisi wenyewe tulikuwa tukijibu hivyo, mpaka siku moja tulipolazimika kulitazama jibu letu kwa makini.

Palikuwa na kamati ya kujenga madarasa ya shule karibu na kanisa letu. Alitajwa mwalimu mmoja wa hesabu, jirani yetu, awe mweka hazina. Mtu huyu hafichi kwamba haamini. Haji ibadani, hata Krismasi. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba amewahi kumdai shilingi, na iwe mvua iwe jua, kengele humkuta darasani. Basi mzee mmoja akasimama akasema kwamba fedha za watoto haziwezi kuwekwa mikononi mwa mtu asiye na Mungu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Sisi ndio tuliokuwa tumekalia kiti cha mwenyekiti, wala hatukusema neno. Akachaguliwa mzee wa kanisa, naye alizitunza fedha zile kwa uaminifu mpaka senti ya mwisho. Juu yake hatuna lalamiko lo lote. Lakini baada ya juma moja mwalimu yule alikutana nasi njiani, akatuuliza kwa upole: "Mchungaji, mlinikataa kwa lipi nililolitenda?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tumerudi katika historia kutafuta, na leo twataka mje nasi.

Mnaukumbuka mfano ambao Bwana Yesu aliwapa makuhani na wazee katika Mathayo sura ya 21. Baba mmoja alikuwa na wana wawili, akawataka waende kufanya kazi shambani. Mmoja alikataa, kisha akaona vibaya moyoni, akaenda. Mwingine aliitikia kwa heshima zote, lakini hakwenda. Angalieni ni nini Bwana alichowauliza wasikilizaji wake. Hakuwauliza ni yupi aliyejibu vizuri. Aliwauliza ni yupi aliyefanya alilotaka baba.

Basi tuwapime waaminio na wasioamini kwa kipimo hicho hicho, na tuchague jambo moja ambalo leo hakuna mtu wa akili anayelibishia, yaani utumwa. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote husema leo kwamba kumnunua mtu kama mbuzi ni uovu. Lakini haikuwa hivyo miaka 250 iliyopita. Wakati ule mtu aliyesema hivyo alichekwa, au alipoteza mali, au alifukuzwa. Kwa hiyo hapo twaweza kuona ni nani aliyesimama, na alisimama kwa gharama gani.

SHAMBA LA KANISA

Tuanze nyumbani kwetu Waanglikana, maana hukumu huanzia hapo.

Mnamo mwaka 1710 alikufa Christopher Codrington, aliyekuwa gavana wa Kiingereza katika visiwa vya Leeward huko Karibi. Katika wasia wake aliacha mashamba mawili ya miwa kisiwani Barbados, pamoja na watumwa wake, kwa Chama cha Kueneza Injili, ambacho wengi hukijua kwa herufi za SPG. Chama hicho kilikuwa cha Kanisa la Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1701. Codrington alitaka mapato ya miwa yajenge chuo cha kufundishia elimu ya Mungu na utabibu. Tena aliagiza kwamba mashamba yale yawe na watumwa 300 wakati wote.

Je, Chama kilifanya nini? Maaskofu na wachungaji waliokisimamia walikuwa watu wa sala. Waliamini Imani ya Nikea kama sisi tunavyoiamini. Walijua kwamba mtumwa ana roho, hata wakatuma walimu wa kuwafundisha katekisimo. Lakini mashamba waliyapokea, na watumwa waliwapokea. Kwa miaka kadhaa watumwa wapya walichomwa kifuani kwa chuma cha moto, na alama iliyoachwa juu ya ngozi yao ilikuwa neno SOCIETY, yaani Chama. Kazi ya miwa ilikuwa nzito mno, na kwa sehemu kubwa ya karne ile waliokufa walikuwa wengi kuliko waliozaliwa. Hivyo wengine wakanunuliwa kujaza nafasi zao.

Fikirini jambo hilo, wapendwa. Jina la chama cha Injili liliandikwa kwa moto kifuani mwa Mwafrika.

Mambo yakaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 120. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa fidia wenye watumwa. Chama chetu kilipokea zaidi ya pauni 8,800 kwa ajili ya watu wa Codrington. Watu wenyewe hawakupewa kitu.

Kwa nini watu wa sala hawakuona? Hawakukosa mafundisho. Hawakukosa Biblia. Sisi twadhani kilichowafumba macho ni uzuri wa kusudi lao. Miwa ile ilikuwa kwa ajili ya chuo, na chuo kilikuwa kwa ajili ya Injili. Mtu aibapo kwa ajili ya tumbo lake, moyo humshtaki. Lakini achukuapo kwa ajili ya kazi ya Mungu, moyo hunyamaza, na wakati mwingine humsifu.

BAHARIA ALIYEOKOKA

Mtu mwingine ni John Newton, mtungaji wa wimbo ule wa neema ya ajabu unaoimbwa makanisani mwetu mpaka leo. Twapenda kusimulia kwamba alikuwa muuza watumwa, akaokoka, akaacha biashara ile. Simulizi hilo ni tamu, lakini mpangilio wake si sawa.

Newton alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwezi wa Machi mwaka 1748. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1750 na 1754, alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa. Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika ibada, na chini ya ubao aliosimama juu yake watu walikuwa wamefungwa minyororo. Alipoacha bahari mwaka 1754, aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Akawa kasisi mwaka 1764. Ni mwaka 1788 ndipo alipochapisha kijitabu cha kuifunua biashara ile na kuungama sehemu yake ndani yake, kisha akatoa ushahidi mbele ya wakubwa wa serikali na Bunge.

Hesabuni: tangu alipomlilia Mungu hata alipofungua kinywa hadharani ni miaka 40. Hatusemi kwamba wokovu wake ulikuwa wa uongo. Twasema kwamba mtu aweza kuwa na imani ya kweli, na bado sehemu moja ya nyumba yake ikabaki na giza kwa miaka 40, hasa ikiwa sehemu hiyo ndiyo inayomletea mshahara.

ASIYEAMINI ALIYEVAA JOHO LA MCHUNGAJI

Sasa tugeukie upande wa pili. Katika Ufaransa alikuwako mtaalamu wa hesabu aitwaye Condorcet, aliyezaliwa mwaka 1743. Wengine humwita mkana Mungu, wengine humwita mtu asiyejali dini. Mkristo hakuwa, na aliandika kwa ukali juu ya makasisi. Mnamo mwaka 1781 alichapisha kitabu cha kuupinga utumwa wa watu weusi. Alisema wazi kwamba kumfanya mtu mtumwa ni wizi na uhalifu, na kwamba sheria ya nchi haiwezi kuugeuza uhalifu kuwa haki.

Lakini tazameni jambo la ajabu. Hakuandika jina lake juu ya kitabu. Aliandika kwamba mtungaji ni Bwana Schwartz, mchungaji wa Injili katika mji wa Bienne huko Uswisi. Mchungaji huyo hakuwako. Naye asiyeamini, alipotaka kuutetea utu wa Mwafrika, aliazima joho la mchungaji! Pengine lilikuwa fumbo tu la kuwachekesha rafiki zake, au alitaka kujificha. Hata hivyo sisi wachungaji halitufurahishi. Ni kana kwamba asema, "Haya ni maneno ambayo mchungaji angepaswa kuyasema. Kwa kuwa hayasemi, nitayasema mimi kwa niaba yake."

Mnamo mwaka 1788 kikaundwa mjini Paris Chama cha Marafiki wa Watu Weusi, na Condorcet alikuwa mmoja wa viongozi wake. Hakuwa peke yake. Ndani ya chama hicho aliingia pia padre Henri Grégoire, Mkristo thabiti. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowaka, na makanisa ya Paris yakafungwa mwezi wa Novemba mwaka 1793, Grégoire alitakiwa kuikana imani yake mbele ya Bunge. Akakataa. Basi kumbukeni picha hiyo: asiyeamini na padre wakiuvuta mkokoteni mmoja.

Tarehe 4 Februari mwaka 1794 Bunge hilo la Mapinduzi, lililokuwa na wengi walioidharau dini, lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Katika mkutano ule alikaa mbunge mmoja mweusi, Jean-Baptiste Belley, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe.

Je, kisha ikawaje? Akaja Napoleon. Alifanya mapatano na Papa mwaka 1801, na siku ya Pasaka, tarehe 18 Aprili mwaka 1802, kengele za kanisa kuu la Paris zikalia tena kwa shangwe. Tarehe 20 Mei mwaka ule ule, mwezi mmoja na siku mbili baadaye, ikatolewa sheria ya kuuhalalisha utumwa tena katika makoloni. Madhabahu zikarudi, na minyororo ikarudi.

Jambo hili si la mbali na sisi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walipelekwa kulima katika visiwa vya Wafaransa, vile tuviitavyo leo Mauritius na Réunion. Wajumbe waliotumwa na serikali ya Paris kutangaza uhuru visiwani humo mwaka 1796 walifukuzwa na wenye mashamba. Babu na bibi waliotoka bara nyuma ya Kilwa walibaki utumwani.

TUSIHARAKISHE KUHUKUMU

Msikilizaji mmoja atasema, "Basi, Mchungaji, umekwisha kukubali kwamba wasioamini ndio bora." La, ndugu. Ngojeni kidogo.

David Hume, mwanafalsafa mkuu wa Scotland, alikuwa mashuhuri kwa kutoamini kwake. Katika maandishi yake aliongeza maneno ya kusema kwamba adhani watu weusi kwa asili ni duni kuliko weupe. Aliyemjibu vikali mwaka 1770 alikuwa Mkristo, mwalimu James Beattie wa Aberdeen, aliyesema kwamba madai hayo hayana ushahidi. Basi kutoamini hakukumfumbua Hume macho. Alidharau ushirikina wa wengine, lakini ushirikina wa rangi akaubeba.

Tena Condorcet mwenyewe, pamoja na maneno yake makali, alipendekeza watumwa waachwe huru pole pole, kwa muda wa karibu miaka 70. Ni rahisi kumshauri mtu avumilie miaka 70 wakati mnyororo hauko mguuni mwako. Watumwa wa Saint-Domingue, nchi iitwayo leo Haiti, hawakungoja. Waliinuka mwezi wa Agosti mwaka 1791, na vita vyao ndivyo vilivyoisukuma serikali ya Paris zaidi ya vitabu vyote. Na serikali ile ile iliyowatangazia watumwa uhuru iliwajaza wananchi wake magerezani na kuwakata vichwa. Condorcet alijificha miezi kadhaa, akakamatwa, akafa gerezani mwezi wa Machi mwaka 1794, majuma machache tu baada ya sheria ile ya uhuru.

Basi tukimleta kila mmoja na shahidi wake, kesi haitakwisha. Mwamini atamleta Wilberforce, asiyeamini atamleta Condorcet. Asiyeamini ataitaja Codrington, mwamini ataitaja gereza la Paris. Twaweza kushindana hivyo mpaka jua lituchwe, wala hakuna mtumwa hata mmoja atakayefunguliwa kwa mashindano yetu.

KIBIONGO WA BARBADOS

Hebu turudi Barbados. Karibu mwaka 1718, wakati Chama chetu kilipokuwa kikiyasimamia mashamba ya Codrington, aliishi kisiwani humo mwenye duka mmoja jina lake Benjamin Lay. Alikuwa mtu mfupi mno, mwenye kibiongo. Yeye na mkewe Sarah walikuwa washiriki wa Kanisa la Marafiki, ambalo wengi wenu mnalijua kutoka Kaimosi, ambako wamisionari wake walifika mwaka 1902. Waliona watumwa wenye njaa wakija dukani, wakawalisha. Wenye mashamba wakawachukia, nao wakaondoka kisiwani.

Baadaye Lay alihamia Pennsylvania huko Marekani, akakuta hata Marafiki wenzake wananunua watumwa. Hapo hakunyamaza. Aliacha kutumia sukari na kitu cho chote kilichotokana na kazi ya watumwa. Alisokota nguo zake mwenyewe. Mwaka 1738, katika mkutano wa Marafiki mjini Burlington, alitoa upanga akakichoma kitabu alichokuwa amekificha ndani yake maji mekundu ya matunda, yakawarukia wenye watumwa kama damu. Wakambeba wakamtoa nje. Kanisa lake lilikuwa limekwisha kumtenga. Alikaa miaka 20 akiwa amekataliwa na watu aliosali nao. Mwaka 1758, alipokuwa mzee mgonjwa, mkutano wa Marafiki wa Philadelphia uliamua kuwarudi washiriki wote watakaonunua au kuuza watumwa. Akaipata habari hiyo kabla ya kufa mwaka 1759.

Sasa linganisheni. Kisiwa ni kile kile, miaka ni ile ile, na Biblia ni ile ile. Maaskofu wa Chama walisoma, na Lay alisoma. Kwa nini mmoja aliona na wengine hawakuona? Sisi twaona mambo mawili. La kwanza, Lay alikuwa amesimama mahali ambapo mtumwa mwenye njaa aliweza kuugonga mlango wake, lakini waheshimiwa wa Chama walikaa London wakasoma hesabu za sukari. La pili, Lay alikuwa tayari kupoteza sukari, na sifa, na hata nafasi yake kanisani. Imani yake haikuwa ukuta wa kujificha nyuma yake. Ilikuwa ndiyo iliyomtoa nje.

PWANI YETU

Nasi Kenya tunaye wa namna hiyo. Wamisionari wa CMS, chama kingine cha Kanisa letu, waliweka kituo Rabai mwaka 1846. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliolifunga soko la watumwa la Unguja, kilianzishwa kijiji cha Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, kuwapokea watu waliookolewa katika majahazi. Mahali pa kengele yake panaitwa Kengeleni mpaka leo. Hiyo ni kazi njema, nasi twamshukuru Mungu kwayo. Lakini tuseme kweli yote: hata huko baadhi ya wasimamizi waliwachapa viboko watu waliokuja kupata uhuru, mpaka jambo hilo likachunguzwa.

Tena palikuwa na shida ya watoro. Sheria ya pwani ilikuwa bado inauruhusu utumwa, na mtumwa aliyekimbilia misheni alikuwa mali ya mtu. Wamisionari walivutwa huku na huku. Wengine walificha watoro, wengine waliogopa vita na wenye watumwa. Lakini huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo Waafrika walikuwa wamejenga kijiji cha kuwapokea watoro, na kiongozi wao alikuwa David Koi. Mwaka 1883 aliuawa. Kanisa la Kenya humkumbuka kama shahidi wake wa kwanza. Hakuwa na chuo, wala pauni 8,800. Alikuwa na kijiji, na mlango ulio wazi.

Tarehe 1 Januari mwaka 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru huko Rabai, na wenyewe wakalipwa fidia. Sheria ya kuukomesha utumwa pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907, yaani miaka 24 baada ya damu ya Koi.

JIBU LETU

Basi, wapendwa, tuliulizwa ni yupi mwenye msimamo imara zaidi. Jibu ambalo historia imetufundisha ni kwamba jina la mtu halituambii. Wala kusema "Naamini" wala kusema "Siamini" hakumfanyi mtu asimame siku ya gharama. Imani ya David Koi ilimsimamisha. Imani ya wasimamizi wa Codrington, nayo ni ile ile kwa maneno, iliwaacha wameketi.

Mtume Paulo aliliona jambo hili kabla yetu. Katika Warumi sura ya 2 aeleza kwamba watu wasio na sheria ya Musa huweza kutenda yaliyo ya sheria, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Kwa hiyo tukimwona asiyeamini akiitetea haki, hatuna haja ya kuona wivu wala kumtafutia hila. Sisi twaamini kwamba aliyeiandika haki moyoni mwa Condorcet ni Mungu yule yule ambaye Condorcet hakumkiri. Mwalimu wetu wa hesabu atayakataa maelezo hayo, na ana ruhusa ya kuyakataa. Tofauti hiyo kati yetu naye ni kubwa, wala hatuifichi. Lakini haitupi ruhusa ya kumwita mwizi.

Je, kuamini hakuna faida? Kuna faida, lakini si ile tuliyoifikiri. Sisi tuaminio hatuwezi kusema kwamba hatukuambiwa. Aliyekabidhiwa vingi atadaiwa vingi, nalo ni fundisho la Bwana wetu katika Luka sura ya 12. Imani si cheti cha kuonyesha mlangoni. Ni deni. Tena imani hutufundisha njia ya kurudi. Newton alichelewa miaka 40, lakini alirudi, akaungama hadharani kwa jina lake mwenyewe. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilichelewa zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 2006 iliomba radhi kwa sehemu ya Kanisa katika utumwa, na Codrington ilitajwa. Mwaka 2023 chama kilichoirithi SPG kikatangaza mpango wa pauni milioni 7 kwa ajili ya watu wa mashamba yale. Ni karibu miaka 190 tangu fidia ilipolipwa kwa wasiostahili. Hata hivyo, mwana aliyesema "Naenda" asiende, bado aweza kuinuka jioni akaenda.

Nasi leo tunayo mashamba yetu ya Codrington. Fedha zikija za kujenga kanisa, je, twauliza zimetoka kwa nani, naye amezitoa wapi? Au uzuri wa paa jipya hutufumba macho? Msichana wa kazi aliye jikoni mwetu, je, hulipwa mwisho wa mwezi, au huambiwa angoje kwa sababu mwezi huu tulikuwa na mchango wa kanisa? Mambo hayo ndiyo shamba. Baba hatatuuliza tulijibuje asubuhi.

Tumekwenda kwa mwalimu yule. Tulimwambia kwamba siku ile ya kamati hatukuwa na neno juu yake, na kwamba kunyamaza kwetu kulikuwa kosa. Alitupa chai. Hakuahidi kuja kanisani, wala hatukumwomba. Alituuliza tu kama madarasa yamekwisha, tukamwambia bado paa moja. Akasema atakuja Jumamosi kutusaidia kupima mabati.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, utusamehe kwa kuwa tumekujibu vizuri na kutenda vibaya. Utuonyeshe sehemu ya nyumba yetu ambayo tumeiacha gizani kwa sababu inatulipa. Utufundishe kuifurahia haki po pote tuionapo, hata mikononi mwa mtu asiyelitaja jina lako. Na siku ya gharama itakapofika, usituache tumeketi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.